Kiinua mgongo na jembe la mgeni

Watumishi wengi wa umma hapa nchini hustaafu kwa hiari wakitimiza miaka 55, na kwa lazima wakitimiza 60. Wengi hufungua duka au hununua gari la abiria. Lakini wapo wachache, mara nyingi mume na mke, wanaoliambia kanisa lao: tutumeni, nauli na chakula ni juu yetu.

Jambo hili si geni. Paulo alipokuwa Korintho alishona mahema pamoja na Akila na mkewe Prisila. Wala uzee si kikwazo. Apolo Kivebulaya, Mganda aliyefika Mboga, Kongo, mwaka 1896, alikuwa amekwishapita miaka 50 alipoanza kuwafuata Wambuti katika msitu wa Ituri. Alifia Mboga mwaka 1933.

Sasa tumfikirie mstaafu anayeshuka basi kwenda Nyamahanga, huko Biharamulo. Ni mwalimu, au muuguzi, au mtunza hesabu. Atapokewa kwa heshima na kuku atachinjwa. Hapo ndipo mtihani unapoanza. Katekista au mwinjilisti atakayempokea huenda naye hana mshahara. Hulima migomba na maharage, Jumapili huongoza ibada, na katikati ya wiki huzika wafu na kutembelea wagonjwa. Naye anajitolea kwa gharama zake, miaka nenda miaka rudi, ila hakuna aliyemfanyia sherehe ya kumuaga.

Mstaafu akilisahau hilo, ataharibu. Asiyelipwa na mtu huona kwamba hakuna wa kumwamuru. Ataanza kupanga mambo kana kwamba kabla yake hapakuwa na kitu, na vijana watajifunza kungoja fedha zake.

Watu wa huko wamezoea kupokea wageni. Mwishoni mwa Aprili 1994, kwa muda wa kama saa 24, wakimbizi wapatao 250,000 kutoka Rwanda walivuka Rusumo na kuingia Ngara. Mashirika yakafuata na magari yao, na baadaye mengi yakaondoka. Kwa hiyo mwenyeji haulizi tu umeleta nini. Anauliza utakaa hadi lini, na ukiondoka nani atajua kazi uliyokuwa ukiifanya.

Basi, mzee mwenzangu, kabla hujafunga mizigo, zungumza na watoto wako. Usimalize kiinua mgongo chote njiani. Tenga fedha za matibabu, maana malaria haiulizi umekuja kwa kazi ya nani. Usichukue nafasi ya kijana ambaye angelipwa. Na ukifika, kaa chini ya uongozi wa uliyemkuta.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Anayejigharamia mwenyewe asingoje siku ya tatu. Aombe jembe siku ile ile ya kwanza, na aulize mpaka wa shamba uko wapi.