Mamluki wa Sinema na Mtumishi wa Forodha



Mtu aliyekwisha kutazama filamu tatu za mapigano zilizotengenezwa Ulaya au Marekani kuhusu Afrika hana haja ya kusimuliwa ya nne. Kabla taa hazijazimwa anajua kuwa atamwona jenerali mwenye miwani myeusi na nishani tele kifuani. Kwamba atakuwako Mwafrika mmoja mwema na mtiifu, ambaye hatafika mwisho wa hadithi. Na kwamba askari weusi mamia kwa mamia watafyatua risasi bila shabaha, huku steringi, kama wamwitavyo watazamaji wa mijini, akiwaangusha kama maembe. Steringi huyo aghalabu ni mamluki: mlevi kidogo, mwenye maneno makali, lakini ati mwenye huruma kuliko wenyeji wenyewe.

Nchi nayo huwa ya kuazima. Filamu ya mwaka 1968 iliyohusu vita vya Kongo, Dark of the Sun, ilipigwa Jamaika. Nijeria ya Tears of the Sun, ya mwaka 2003, ni Hawaii. Mogadishu ya Black Hawk Down, ya mwaka 2001, ni Moroko. Hayo yangesameheka, maana hata katika michezo ya shule shuka la buluu huweza kuwa bahari. Lisilosameheka kwa urahisi ni ugawaji wa majina. Katika mapigano ya Mogadishu ya Oktoba 3 na 4, 1993, walikufa askari 18 wa Marekani, na filamu ile inawaomboleza kama watu wenye majina na makwao. Wasomali waliokufa walikuwa mamia. Katika filamu ni wimbi tu la watu wanaokimbia na kuanguka.

Lakini mfano ulio wazi kuliko yote ni The Wild Geese ya mwaka 1978, iliyopigwa Afrika Kusini siku za ubaguzi wa rangi. Tajiri wa London anawakodi mamluki wamwokoe Rais Limbani aliyepinduliwa katika nchi ya Kiafrika ya kubuni. Aliyeigiza nafasi hiyo ni Winston Ntshona, ambaye mwaka 1975 alikwisha kutunukiwa tuzo ya Tony huko New York pamoja na mwenzake John Kani. Msanii wa daraja hilo alipewa kazi gani? Kuwa mgonjwa, kubebwa mgongoni na kaburu, kusema maneno machache ya hekima, na kufa. Kwa haki yake, filamu inakiri kwamba tajiri yule alitaka shaba tu, na kwamba aliwasaliti watu wake mara alipopata mapatano mengine. Hata hivyo anayelipiziwa kisasi ni mamluki aliyesalitiwa. Nchi iliyovamiwa haiulizwi neno.

Adui katika filamu hiyo, kama katika ile ya Kongo, anaitwa Simba. Neno hilo la Kiswahili halikubuniwa na watunga filamu. Ndilo walilojiita waasi wa mashariki ya Kongo mwaka 1964. Waasi wale hawakuwa malaika. Waliua mateka, na waliua Wakongo wenzao wengi. Lakini walikuwa na sababu za kuasi, na sababu hizo zilijadiliwa kwa lugha inayosemwa hapa. Mtoto anayelisikia neno hilo kwenye sinema hupata bunduki na mayowe tu. Wafasiri wa mikanda ya video wa mijini, wanaowapachika maadui hao majina ya Kiswahili na kuwatia maneno midomoni, pengine wamefanya zaidi ya wahakiki wengi. Mwalimu naye, badala ya kuzipiga marufuku filamu hizi, jambo asiloliweza, aliulize darasa: huyu mwenye bunduki amelipwa na nani, na kwa kazi gani?

Jibu halina haja ya kubuniwa. Mshauri wa kijeshi wa The Wild Geese alikuwa Mike Hoare, aliyewaongoza mamluki Kongo mwaka 1964 na 1965. Novemba 25, 1981, miaka mitatu baada ya filamu kutoka, Hoare huyo alitua Ushelisheli na watu wake ili kuipindua serikali. Walijifanya chama cha wanywaji bia, na mabegi yao yalikuwa na vitu vya kuchezea watoto juu ya bunduki. Mambo yaliharibika papo hapo uwanjani. Waliteka ndege ya Air India wakakimbilia Durban, wakiwaacha baadhi ya wenzao nyuma, na mwaka 1982 Hoare alifungwa Afrika Kusini kwa kosa la kuteka ndege.

Aliyewagundua hakuwa jenerali mwenye miwani myeusi. Alikuwa mtumishi wa forodha, zamu yake ikiendelea kama siku nyingine zote, aliyefungua begi na kukuta silaha. Mwafrika wa namna hiyo haonekani popote katika The Wild Geese.