Maji ya Kuogelea na Maji ya Kutazama: Kumpokea Mgeni katika Bonde la Kilombero

Mada kwa semina ya waongoza wageni, wenye nyumba za kulala wageni na walezi wa vikundi vya mazingira, Ifakara

1. Utangulizi



Kila mmoja wetu humu ameshaulizwa na mgeni swali hili: "Ni wapi hapa naweza kuogelea na kuona wanyama?" Wengi hujibu haraka kwamba bonde zima ni maji, asiwe na wasiwasi, na mgeni anapakiwa kwenye bodaboda kuelekea mtoni. Ni jibu la ukarimu, lakini linaweza kuua. Mto Kilombero una mamba na viboko, na maji yaliyotuama pembeni mwake ni makazi ya konokono wanaobeba kichocho.

Hoja ya mada hii ni fupi. Bonde letu lina maji ya aina mbili kwa mgeni. Yapo maji ya juu, yanayoporomoka kutoka Milima ya Udzungwa: hayo ni ya kuogelea. Yapo maji ya chini, yaani mto na mbuga yake ya mafuriko: hayo ni ya kutazama kutoka darajani, ukingoni au mtumbwini. Anayeyachanganya anahatarisha maisha ya watu. Anayeyatenganisha, kisha akayauza pamoja, ana safari nzuri ya siku mbili mkononi mwake.

2. Maji haya yanatoka wapi

Upepo wenye unyevu kutoka Bahari ya Hindi hukutana na ukuta wa Udzungwa, unapanda, unapoa na kuangusha mvua. Ukuta huo unaanzia kwenye mwinuko wa mita 250 hivi upande wa bonde na kufika mita 2,576 katika kilele cha Luhombero. Msitu unaoufunika hupokea mvua, huizuia isitiririke yote kwa mara moja, na kuiachia kidogo kidogo kupitia chemichemi na vijito. Ndiyo maana mito ya upande huu huendelea kutiririka hata kiangazi, wakati visima vya bondeni vimeshuka.

Vijito hivyo, pamoja na mito mikubwa ya Ruhuji, Mnyera na Mpanga, ndivyo vinavyoulisha Mto Kilombero. Masika mto hufura na kutandaa bondeni. Makadirio yanayotumiwa sana yanaonyesha kuwa Kilombero huchangia takriban asilimia 62 ya maji yote ya Mto Rufiji. Mwaka 2002 bonde hili liliingizwa katika orodha ya Ramsar ya ardhioevu zenye umuhimu wa kimataifa, likiwa na eneo la kilomita za mraba 7,967.

Kwa hiyo maji ya juu na maji ya chini ni maji yaleyale, yakiwa kwenye hatua mbili za safari moja. Tofauti iko kwenye mwendo. Juu yana kasi, baridi na mawe. Chini yana utulivu, joto na matete. Tofauti hiyo ndiyo inayoamua nani anaishi ndani yake, na nani asiingie.

3. Maji ya juu: Sanje

Hifadhi ya Taifa ya Milima ya Udzungwa ilianzishwa mwaka 1992 na ina ukubwa wa kilomita za mraba 1,990. Makao yake makuu yako Mang'ula. Haina barabara za kutembezea wageni kwa magari kama Mikumi. Mgeni hutembea kwa miguu pamoja na mwongozaji. Hilo wengine huliona kuwa upungufu. Mimi naliona kuwa mtaji wetu, kwa sababu mtu anayetembea anahitaji mtu wa kutembea naye, na mtu huyo ni kijana wa hapa.

Maporomoko ya Sanje yako kaskazini ya Mang'ula, kilomita kama kumi kwa barabara hadi kituo cha askari wa hifadhi. Maji yanashuka kwa ngazi tatu, jumla mita 170 hivi. Kupanda na kushuka huchukua takriban saa nne kwa mtu anayetembea taratibu. Njiani msitu umefunga juu, ardhi ni ya majani yaliyooza, na sauti ya maji husikika muda mrefu kabla ya maji kuonekana. Kwenye bwawa lililo chini ya maporomoko, manyunyu hulowanisha nguo za mtu aliyesimama hatua kadhaa mbali. Mawe yana ukoga wa kijani, na hapo ndipo wageni wengi huanguka: si majini, bali wakivua viatu. Mwongozaji mzoefu humkalisha mgeni chini kwanza ndipo avue. Ukifika ngazi ya juu unaona bonde lote limelala mbele yako, mashamba ya miwa yakiwa mistari ya kijani hadi upeo wa macho. Hapo mgeni hushawishika kusogea ukingoni apige picha. Asiruhusiwe, hata kama ameomba mara tatu.

Kuhusu wanyama, Sanje haina simba wa kumwonyesha mgeni akiwa garini. Ina nyani na mbega wasiopatikana penginepo. Mbega mwekundu wa Udzungwa anaonekana kwa urahisi, hata karibu na geti la Mang'ula. Mangabei wa Sanje, aina ya kima ambaye duniani kote anaishi katika misitu ya Udzungwa tu, ana habari inayofaa kusimuliwa njiani. Mwaka 1979 watafiti Katherine Homewood na Alan Rodgers walisikia katika msitu wa Mwanihana mlio wasioutarajia, wakaufuatilia, na hivyo sayansi ikamjua mnyama aliyesikika kabla hajaonekana. Wanakijiji walikuwa wakimsikia siku zote. Mwambie mgeni anyamaze kwa dakika tano kisha asikilize. Hiyo nayo ni sehemu ya anachokilipia.

4. Maji ya chini: mto na mbuga ya mafuriko

Tukitoka Ifakara kuelekea Mahenge tunafika mtoni. Zamani tulivuka kwa kivuko, na wengi wetu tunakumbuka MV Kilombero II ilivyopinduka Januari 2016. Leo lipo daraja la mita 384, lililozinduliwa mwaka 2018 na kupewa jina la Magufuli. Daraja limeondoa hofu ya kuvuka, lakini pia limewafanya watu wapite mbio mahali palipokuwa lazima kusimama. Hapo kwenye kivuko cha zamani ndipo penye utajiri wa kutazamwa.

Utajiri wa kwanza ni kwera wa Kilombero, ndege wa njano mwenye uso mweusi, aliyetambuliwa rasmi kisayansi mwaka 1990 tu. Hujenga viota kwenye matete ya ukingoni. Wapo watu wanaovuka bahari mbili ili kumwona ndege huyu mmoja, na wakifika hapa hawana wa kuwaambia ni tete lipi. Kijana anayevua samaki hapo analijua. Kinachokosekana ni kumfundisha kwamba maarifa yake yana bei.

Wa pili ni sheshe, swala wa nyasi ndefu za majimaji. Kwa miaka mingi Kilombero ilihesabika kuwa na sehemu kubwa ya sheshe wote waliobaki duniani. Idadi yao imeshuka sana kadiri mashamba na mifugo vilivyosogea ndani ya mbuga. Tusimdanganye mgeni kwamba atawaona makundi kwa makundi kando ya barabara. Aelezwe kuwa maeneo yao yana usimamizi wake na huingiwa kwa kibali.

Wa tatu ni viboko na mamba, na hapa naomba tuelewane vizuri. Kiboko hutoka majini usiku kula majani na kurudi alfajiri. Hatari kubwa ni kusimama kati yake na maji. Mamba hujificha pale pale watu wanapochotea maji na kufulia, kwa sababu amejifunza kwamba watu hurudi mahali pamoja. Mvuvi wa Kindamba anayepiga kafi karibu na ukingo anajua vyote hivi. Mgeni hajui. Akiona watoto wanajirusha majini atadhani ni salama. Kwa hiyo kanuni iwe moja, isiyo na "lakini": kwenye Mto Kilombero mgeni haogelei, haogi, wala hatumbukizi miguu. Anapanda mtumbwi na mwenyeji mzoefu, anavaa jaketi la kuokolea maisha, na anarudi kabla jua halijazama.

5. Wenzetu wanafanyaje

Mifano miwili ya Afrika Mashariki inatusaidia. Chemka, wilayani Hai mkoani Kilimanjaro, ni chemichemi ya maji maangavu chini ya mitini yenye mizizi iliyoingia majini. Watu huogelea, hujirusha kwa kamba, na samaki wadogo huwadonoa miguu. Hapo maji yote ni ya kuogelea.

Mzima, ndani ya Hifadhi ya Tsavo Magharibi nchini Kenya, ni kinyume chake. Maji yanayopenya kwenye miamba ya volkeno ya vilima vya Chyulu huibuka hapo, na sehemu yake huenda Mombasa kwa bomba. Mabwawa yana viboko na mamba. Haogelei mtu, badala yake kimejengwa chumba chenye madirisha chini ya uso wa maji, mgeni anashuka ngazi na kutazama samaki wakipita mbele ya macho yake. Katazo la kuogelea halikuua utalii wa Mzima. Limeupa namna yake.

Kilombero ina Chemka yake na Mzima yake kwenye barabara moja. Kutoka Kidatu hadi Ifakara ni kilomita 66.9, na Sanje iko kwenye kipande hicho.

6. Kichocho

Maji ya chini yana hatari nyingine: kichocho. Mabuu yake hutoka kwa konokono wa maji yasiyo ya chumvi na kupenya ngozi ya mtu aliye majini, hata kwa dakika chache. Konokono hawa hupenda maji yaliyotuama au yanayokwenda polepole, yenye majani: mifereji ya umwagiliaji, madimbwi ya mashamba ya mpunga, vikono vya mto. Maji ya kasi na baridi ya maporomoko hayawafai.

Bonde hili lina historia ya kujivunia katika jambo hili. Mwishoni mwa miaka ya 1980 watafiti waliokuwa Ifakara waliwapa walimu wa shule za wilaya ya Kilombero dodoso rahisi la kuwauliza wanafunzi kuhusu maradhi yao, mojawapo likiwa kukojoa damu. Majibu ya watoto yalizionyesha shule zenye tatizo kubwa karibu sawasawa na vipimo vya mkojo, kwa gharama ndogo sana. Njia hiyo ikaigwa kwingineko Afrika. Ikiwa watoto wa Kilombero waliweza kuufundisha ulimwengu namna ya kuutafuta ugonjwa huu, sisi hatuna udhuru wa kumwingiza mgeni kwenye mfereji wa mpunga kwa sababu tu maji yanaonekana safi.

7. Funzo la Kihansi

Upande wa kusini-magharibi wa bonde, Mto Kihansi ulikuwa ukianguka kwenye korongo na kutoa manyunyu mchana na usiku. Mwaka 1996 aligunduliwa hapo chura mdogo wa rangi ya dhahabu, anayezaa watoto badala ya kutaga mayai, akiishi katika hekta chache tu zilizolowa manyunyu. Kituo cha umeme cha megawati 180 kilipoanza kazi, maji mengi yalielekezwa kwenye mitambo na manyunyu yakakauka. Vinyunyizio vikawekwa kufidia manyunyu hayo, lakini mwaka 2003 chura hao walipukutika. Ugonjwa wa kuvu ulikutwa miongoni mwao. Mwaka 2009 walitangazwa kutoweka porini. Waliobaki walikuwa wamehifadhiwa Marekani, katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kurudishwa korongoni.

Taifa lilihitaji umeme, na bado linauhitaji. Ninachosisitiza ni kwamba maporomoko si mapambo ya mlima. Ukipunguza maji juu, kuna uhai unaokatika chini. Hilo linatuhusu pia sisi wa utalii, kwa sababu maji yetu yanategemea msitu, na msitu unawategemea wanaoishi kando yake. Hadi katikati ya mwaka 2011 wanavijiji wa kando ya Udzungwa waliruhusiwa kuokota kuni zilizoanguka hifadhini siku moja kwa juma. Ruhusa ilipoondolewa, mzigo uliwaangukia akina mama. Ikiwa pesa ya mgeni anayeogelea Sanje haimfikii mama huyo, tusitarajie aulinde msitu kwa ajili ya burudani ya watu wengine.

8. Mapendekezo

Kwanza, nyumba zote za wageni Ifakara na Mang'ula zibandike tangazo moja, kwa Kiswahili na kwa lugha nyingine zinazohitajika, linalotaja mahali pa kuogelea na mahali pa kutazama tu.

Pili, safari ipangwe kwa siku mbili: siku ya kwanza asubuhi Sanje, mbega wakiwa bado wanakula, siku ya pili alfajiri mtoni, kabla joto halijapanda. Miezi ya Juni hadi Oktoba ndiyo bora. Masika njia za mlimani huteleza na mto hautabiriki.

Tatu, wenye mitumbwi wa kivuko cha zamani waunde kikundi chenye bei inayojulikana, majaketi, na zamu. Bei ya kubahatisha humfanya mgeni ahisi ameibiwa hata alipotozwa haki.

Nne, sehemu ya mapato ya kila safari iwekwe kwenye mfuko wa majiko banifu na miche ya kuni kwa vijiji vya kando ya msitu, na hesabu zisomwe kwenye mkutano wa kijiji.

9. Maswali ya majadiliano

Naomba vikundi vijadili mambo mawili kabla ya chakula cha mchana. Je, nani atakuwa na mamlaka ya kumzuia mgeni aliyekwishalipa asiingie mtoni: mwongozaji, mwenye mtumbwi, au serikali ya kijiji? Na fedha za mfuko wa kuni zikatwe wapi: getini, gesti, au mtumbwini? Tukiondoka leo na majibu ya maswali hayo, tangazo linaweza kubandikwa juma lijalo.