Isimamishe Kwanza, Kisha Ihoji: Konsoli na Usakaji wa Hitilafu katika JavaScript



Wengi wetu tunaitumia konsoli ya kivinjari kama karatasi ya kuchapia. Jambo likiharibika tunamwaga console.log kila baada ya mistari michache, tunapakia ukurasa upya, tunakodoa macho. Mada hii inatetea njia nyingine: programu isimamishwe, kisha ihojiwe.

Brendan Eich alipoiunda JavaScript katika kampuni ya Netscape mwaka 1995, hapakuwa na zana ya maana ya kuichunguza. Kwa miaka mingi watu walitegemea alert, kile kisanduku kinachogandisha ukurasa mpaka ukibonyeze. Mwaka 2006 Joe Hewitt alitoa zana ya Firebug kwa ajili ya kivinjari cha Firefox, na mtu akaweza kuuliza swali ndani ya ukurasa ulio hai na kujibiwa papo hapo. Leo vivinjari vikubwa vyote vina zana za aina hiyo. Kwenye kompyuta nyingi F12 inatosha kuzifungua.

Tuchukue fomu ya malipo. Mteja anaandika 5000, ada ni 200, na jumla inatokea 5000200. Ukichapisha kigeu kiitwacho kiasi, kinachoshika alichoandika mteja, kwa console.log, Chrome inakuonyesha 5000, bila alama za kunukuu, na unaapa kwamba ni nambari. Sasa andika neno debugger ndani ya funksheni inayojumlisha, fungua zana, ubonyeze kitufe cha kulipa. Programu inasimama hapo hapo, na konsoli inaviona vigeu vya ndani ya funksheni hiyo. Andika kiasi: jibu linakuja na alama za kunukuu. Andika typeof kiasi: unaambiwa ni "string", yaani maandishi. Kila kinachoandikwa kwenye kisanduku cha fomu huingia kama maandishi, na alama ya kujumlisha ikikutana na maandishi huyaunganisha tu. Jaribu Number(kiasi) + ada, unapata 5200. Umepata ugonjwa na dawa kabla hujairekebisha hesabu yenyewe kwenye faili.

Uchapishaji una mtego mwingine, na huu umewapotezea watu usiku mzima. Ukichapisha obyekti, mfano mteja, konsoli haihifadhi nakala yake kamili. Ukiifungua baadaye kuona mteja.salio, unaonyeshwa salio la wakati huo wa kufungua, ingawa mstari uliochapisha ulipita zamani. Programu ikisimamishwa, hakuna kinachobadilika nyuma ya mgongo wako. Na kama mzunguko una wateja elfu moja, bofya namba ya mstari wa msimbo ndani ya zana kwa kitufe cha kulia cha kipanya na uweke sharti, tuseme mteja.salio < 0, ili usimame kwa mwenye kasoro tu.

Njia hii haifai kila mahali. Hitilafu inayotokana na majibu mawili ya seva kukimbizana huweza kupotea ukisimamisha programu, kwa sababu umebadilisha mwendo wenyewe. Hapo console.log inarudi kazini kwa heshima zake zote.

La mwisho ni la usalama. Msimbo unaobandikwa kwenye konsoli hufanya kazi kwa mamlaka ya akaunti iliyofunguliwa, na matapeli wanalijua hilo. Ndiyo maana Chrome na Firefox humzuia mgeni kubandika chochote mpaka aandike kwa mkono wake kwamba anaruhusu. Wafundisheni hivyo hata watumiaji wenu wasioandika programu.