Tuyalinde Macho Yetu Majumbani



Kazi yangu ni kukagua vitabu na maghala. Leo naomba tukague pia kisanduku cha vipodozi, kwani humo mna vitu viwezavyo kutia upofu.

Kwanza ni kijiti cha wanja na kibanio cha nyusi. Ncha ikiteleza hukwaruza kioo cha jicho. Vijidudu vikiingia, mkwaruzo huwa kidonda na huweza kuacha kovu lizuialo kuona. Basi tusijipake wanja ndani ya gari liendalo, wala tusiazimane vijiti. Wanja mwingine una madini ya risasi, watoto wasipakwe.

Pili ni dawa ya kunyoosha nywele. Nyingi zina kostiki soda, ile itumikayo kutengenezea sabuni. Ikiingia jichoni huendelea kuunguza hadi ioshwe. Msisugue, wala msingoje kufika hospitali kwanza. Funueni kope, mmwagie maji safi mengi kwa dakika zisizopungua 20, ndipo mgonjwa apelekwe. Msitie maziwa ya mama wala maji ya majani.

Tatu ni gundi ya kucha. Chupa yake hufanana na ya dawa ya macho, na wapo waliojitonea gundi kwa kukosea. Makatibu wenye maduka ya chama, msiziweke rafu moja.

Ndugu wanachama, hasara ya msimu huu huweza kufidiwa msimu ujao. Jicho lililopofuka halina msimu wa pili.