MANENO YA KATIBU: MAUA YA HARUSI

Ndugu wanaushirika,

Watu wa Pangani mjini wakitaka kumpelekea bibi harusi zawadi, hutuagiza sisi vikuba. Ni zawadi ndogo, heshima yake kubwa. Basi tukumbuke: asumini tuichume jioni ingali vitumba, tuifunge na rehani, tuifunike jani la mgomba, ipelekwe jioni hiyo hiyo. Usiku inachanua, kesho yake imekwisha. Tukipeleka iliyonyauka tumemwaibisha mwenye harusi.

La pili ni fedha. Kikuba kimefungwa na mama, basi malipo apokee mama, na daftarini atie sahihi yake mwenyewe, siyo dole gumba. Kisomo tulikisomea nini, jamani? Akina baba, hapo hatutaki ubishi.

Ushirika ni nguvu!