Karanga Zisizopita Mizanini
(Mazungumzo kwa Makatibu na Wanachama wa Vyama vya Msingi, Dodoma)



Msimu wa karanga ufikapo, mkulima wa Kongwa, Mpwapwa au Chemba huuza gunia la mwisho, kisha hununua mchele ili wanawe wale chakula cha heshima. Wali si chakula cha kudharauliwa. Bahi yenyewe hulima mpunga. Lakini inafaa wanachama wajue kinachotoka nyumbani na kinachoingia.

Gramu 100 za wali mweupe uliopikwa zina kalori zipatazo 130, protini gramu 2.7, na mafuta yasiyofika nusu gramu. Gramu 100 za karanga kavu zina kalori zipatazo 567, protini gramu 26 na mafuta gramu 49. Ni kweli kwamba theluthi mbili ya wali ni maji. Hata hivyo, mchele mkavu nao una protini gramu 7 tu, na kinu kimekwisha kuuondolea pumba pamoja na sehemu kubwa ya vitamini zake. Wali hutia nguvu. Karanga hutia nguvu na kujenga mwili pia.

Thamani hiyo haikugunduliwa jana. Mwaka 1947 serikali ya Uingereza, ikitafuta mafuta ya kula baada ya Vita Kuu ya Pili, ilianzisha mashamba makubwa ya karanga Kongwa. Ukame na udongo mgumu viliuangusha mpango ule, ukaachwa mwaka 1951. Wagogo, kwa upande wao, waliendelea kuunga mlenda kwa karanga zilizotwangwa, na kuulia ugali wa uwele na mtama. Mwaka 1975 kampeni ya redio ya "Chakula ni Uhai" iliwakusanya wananchi kujifunza mambo kama hayo. Somo halijaisha: uchunguzi wa taifa wa mwaka 2022 ulionyesha kuwa watoto 30 katika kila 100 walio chini ya miaka mitano wamedumaa.

Gramu 30 za karanga, yaani kiganja kimoja, zina protini sawa na ile ya zaidi ya robo kilo ya wali. Watoto wawili wakitiliwa kiasi hicho kila siku katika uji au mboga, nyumba huhitaji kilo 22 kwa mwaka. Hizo ndizo zisizopaswa kupita mizanini. Kwa watoto wadogo zisagwe, maana punje nzima huweza kumpalia mtoto.

Tahadhari moja ni ya lazima. Mwaka 2016 sumukuvu iliua watu katika mikoa ya Dodoma na Manyara, chanzo kikiwa mahindi yaliyoota ukungu. Ukungu huohuo hushambulia karanga, na kupika hakuiondoi sumu. Kwa hiyo karanga zianikwe juu ya turubai au mkeka, zisiloweshwe ili kurahisisha kumenya, na magunia yawekwe juu ya chaga. Punje zilizosinyaa, zilizobadilika rangi au zenye ukungu zitupwe. Zisibakizwe kwa ajili ya nyumbani kwa kuwa mnunuzi amezikataa.

Katibu wa kila chama na alitangaze jambo hili katika mkutano wa wanachama kabla ya kufungua msimu: kilo 22 safi zitengwe kwanza, ndipo magunia yaletwe ghalani. Ushirika hujengwa na wanachama wenye afya, na wanachama wa kesho ndio hao wanaosubiri uji leo.