Tabaka Tatu Ndani ya Glasi Moja

(Mazungumzo tuliyoyatoa kwa wanakisomo wenzetu katika darasa la mapishi)

Leo hatutasoma ubaoni. Tutasoma kwa mwiko.

Mnaikumbuka harusi ile ya mwezi wa nane. Baada ya pilau zilipita glasi za kitamutamu cha matabaka, kile wanachokipenda vijana wetu siku hizi: chini biskuti, katikati kastadi ya unga wa kopo, juu kabisa jeli nyekundu. Kila mtu alipokea yake. Shangazi yetu mmoja, mwenye ugonjwa wa kisukari, aliipokea akaiweka mezani. Akakaa nayo mbele yake mpaka shughuli ikaisha. Tulipomwuliza akasema, "Nyie kuleni tu, wanangu. Mimi kazi yangu siku hizi ni kuangalia." Neno lile lilituuma, maana wapishi tulikuwa sisi.

Basi tukakaa tukapiga hesabu. Kwa glasi 60 tulikuwa tumetumia sukari kilo 3. Gawanyeni wenyewe: ni gramu 50 kila glasi, yaani vijiko vya chai kama 12, na hapo hatujahesabu iliyomo ndani ya biskuti na jeli. Mwaka 2015 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo kwamba sukari ya namna hiyo isizidi sehemu moja ya kumi ya nguvu anazopata mtu kwa chakula cha siku nzima. Kwa mtu mzima hizo ni karibu gramu 50, na likasema ikiwa nusu yake ni bora zaidi. Kwa hiyo tulimpa mgeni sukari ya siku nzima ndani ya glasi moja, na soda yake bado ilikuwa inamngoja!

Mmoja wetu akasema tuweke asali badala yake. Hapana, jamani. Katika mwongozo ule ule asali nayo inahesabiwa kuwa sukari, na juisi ya matunda pia. (Na mtoto ambaye hajatimiza mwaka mmoja asipewe asali kabisa, hata kidoleni.) Tunda zima ndilo halihesabiwi. Ukila embe unalila pamoja na nyuzinyuzi zake, utamu unaingia mwilini polepole, na tumbo linashiba mapema. Ukilikamua ukatupa makapi, umebaki na maji matamu.

Jaribio letu la kwanza lilikuwa baya. Tuliondoa sukari tu, vingine vyote tukaviacha vilevile. Watoto walionja wakarudisha vikombe. Tukaona kwamba haitoshi kutoa sukari. Lazima utafute chakula kilichozaliwa na utamu wake. Na chakula hicho huku kwetu kanda ya Ziwa tunakikanyaga shambani kila siku. Bibi zetu walichemsha viazi vitamu, wakavikata, wakavianika vikawa matobolwa. Mtoto alitafuna matobolwa na karanga njia nzima, wala hakuulizia peremende.

Haya, tupike. Hizi ni glasi kubwa 6.

Tabaka la chini ni viazi lishe, vile vya rangi ya chungwa, nusu kilo. Rangi ile ndiyo mwili unayoigeuza kuwa vitamini A, ya macho na ya kinga. Mwaka 2016 wataalamu walioshughulikia viazi hivi walipewa Tuzo ya Chakula Duniani, na mmoja wao ni Robert Mwanga wa Uganda, jirani yetu. Vichemshe na maganda yake. Usivichome, maana kiazi cha kuchoma hupandisha sukari ya damu haraka kuliko cha kuchemsha. Vikiiva menya, ponda, na uchanganye na karanga zilizosagwa vijiko vya chakula 2. Karanga si za ladha peke yake: vitamini A inahitaji mafuta kidogo ili mwili uipokee vizuri.

Lakini zichambueni kwanza. Karanga yenye ukungu, iliyosinyaa au iliyo chungu, tupa, hata mbuzi usimpe. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa mahindi yenye sumukuvu, na karanga nazo hupatwa na sumu hiyo hiyo. Kukaanga hakuimalizi.

Tabaka la pili ni uji mzito wa ulezi usiokobolewa. Nusu kikombe cha unga, kikombe kimoja cha maziwa na kimoja cha maji, chumvi chembe tu, na iliki mbili zilizotwangwa. Koroga juu ya moto mdogo mpaka mwiko uache njia. Ulezi una madini ya kujenga mifupa mengi kuliko mahindi na mchele. Na iliki, bwana, inaudanganya ulimi: harufu yake inafanya chakula kionekane kitamu kuliko kilivyo.

Hapa ndipo tuliposhindwa mara ya pili. Tulikuwa na haraka, tukamimina uji wa moto, tukaufuatishia mtindi papo hapo. Mtindi ukakatika, maji yakapanda juu, glasi ikawa kama matope. Ngojeni kila tabaka lipoe kabisa kabla ya kuweka linalofuata.

Tabaka la juu ni mtindi lita 1, wa maziwa yaliyochemshwa. Maziwa mabichi yanaweza kuleta homa ya kutupa na hata kifua kikuu. Umimine katika kitambaa safi, uufunge, uutundike saa tatu au nne. Utapata kitu kizito kinachokaa mahali pake. Maji yanayodondoka kandieni chapati. Juu pangeni vipande vya ndizi 3 mbivu, zile zenye madoa meusi, au embe kama ni msimu wake, kisha karanga chache zilizokaangwa. Mkitaka rangi ya kuvutia harusini, papai linatosha. Jeli ya nini?

Sasa tuseme wazi, maana tayari tumesikia watu wakisema hii ni dawa ya kisukari. Si dawa! Viazi, uji na ndizi vyote vinapandisha sukari ya damu. Mwenye kisukari achukue nusu glasi, ndizi kidogo, karanga kidogo, na siku hiyo apunguze wali wake. Asiache dawa zake, na kipimo chake akiulize kliniki.

Kama hamna friji, pikeni karibu na wakati wa kula, msilaze.

Jumamosi iliyopita tulizipika glasi 12 kwa majaribio tukamwita shangazi. Alikula nusu yake polepole, akalamba kijiko, akauliza harusi nyingine ni lini. Zilibaki glasi 2. Mwenyekiti wa kitongoji alipita akazichukua zote mbili akampelekee mkewe, na mpaka leo tunamdai glasi zetu.